Jenerali, Askari na Mpagazi: Vita ya Lettow-Vorbeck Ikitazamwa Kutoka Nyanda za Buha



Mapema mwezi Desemba 1918, Wajerumani waliokuwa wamesalimu amri kusini mwa Ziwa Tanganyika waliletwa Kigoma kwa meli. Kiongozi wao alikuwa Paul von Lettow-Vorbeck, aliyeianza vita akiwa luteni kanali na kuimaliza akiwa meja jenerali. Mji wa Kigoma ulikuwa mikononi mwa Wabelgiji tangu tarehe 28 Julai 1916, na katika kumbukumbu zake jenerali huyo anasimulia kwamba maafisa wa Kibelgiji walimkirimu vizuri. Kutoka hapo alipanda gari moshi kwenda Dar es Salaam, na mwezi Januari 1919 akaabiri meli kurudi kwao. Askari na wapagazi wake hawakufika naye pwani. Walizuiliwa Tabora, na wengi wao wakafia humo kwa homa ya mafua iliyokuwa ikiitikisa dunia wakati ule.

Nimeanzia Kigoma kwa sababu maalumu. Anayepanda kutoka ziwani hadi Kasulu, akapita Kitanga na kuendelea kaskazini mpaka Kibondo, yumo katika nchi ya Waha. Vitabu vingi vya vita ya 1914 hadi 1918 huipita nchi hii kwa haraka, kana kwamba majeshi yaliruka juu yake. Msomaji hupelekwa Tanga, akapelekwa Kilimanjaro, Rufiji na Mahiwa, mahali ambapo jenerali alikuwapo. Mahali ambapo hakuwapo huwa ni njia tu. Leo nataka tusimame katika njia hiyo, kisha tumtazame jenerali kutoka huko: vita yake, na hasa yale aliyoyafanya na aliyofanyiwa baada ya vita, kwani maisha yake ya baadaye ndiyo yaliyotuletea picha ya vita tuliyo nayo.

Hoja yangu inahusu lugha, na ndiyo maana nimethubutu kuileta katika mhadhara wa taaluma za Kiswahili. Sifa ya Lettow-Vorbeck huko Ulaya ilijengwa kwa kiasi kikubwa juu ya maneno mawili ya Kiswahili, askari na safari. Ilijengwa pia kwa kuliacha nje neno la tatu, mpagazi. Neno hilo la tatu ndilo lililobeba vita yenyewe.

Afisa wa makoloni

Lettow-Vorbeck alizaliwa Saarlouis tarehe 20 Machi 1870, katika familia ya kijeshi ya Prussia. Mwaka 1900 alipelekwa China pamoja na majeshi ya mataifa yaliyokwenda kuzima uasi wa Boxer. Kuanzia 1904 alikuwa Afrika ya Kusini Magharibi, yaani Namibia ya leo, akitumikia katika makao ya Jenerali Lothar von Trotha wakati Waherero na Wanama walipoangamizwa. Serikali ya Ujerumani yenyewe ilikubali mwaka 2021 kuyaita matendo yale mauaji ya kimbari. Huko ndiko Lettow-Vorbeck alikojeruhiwa jicho la kushoto mwaka 1906. Nalitaja jambo hili mapema kwa sababu wasifu mwingi ulioandikwa juu yake huanzia Tanga, utadhani mtu huyu alizaliwa Novemba 1914 akiwa na miaka arobaini na minne.

Alifika Dar es Salaam Januari 1914 kuongoza jeshi la koloni, lililoitwa kwa Kijerumani Schutztruppe, maana yake jeshi la ulinzi. (Ndani ya meli hiyohiyo, iliyoitwa Admiral, alikuwamo mwanamke wa Kidenishi aliyekuwa njiani kwenda kuolewa Kenya, baadaye dunia ilimfahamu kama mwandishi Karen Blixen.) Jeshi lenyewe lilikuwa dogo: Wajerumani wapatao 260 na Waafrika wapatao 2,500, waliogawanywa katika kombania kumi na nne. Vita ilipoanza Agosti, Gavana Heinrich Schnee alitaka koloni libaki nje ya mapigano. Lettow-Vorbeck aliona vingine. Kwa maoni yake koloni lisingeweza kuokolewa Afrika. Lingeokolewa au kupotea Ulaya. Kazi ya jeshi dogo la huku basi ilikuwa kuwalazimisha Waingereza walete huku watu, pesa na silaha ambazo wangezitumia kule. Fikra hiyo ilikuwa na mantiki ya kijeshi. Lakini tuitazame kwa makini: katika hesabu hiyo nchi hii na watu wake hawamo kama kitu cha kulindwa. Wamo kama gharama.

Ya Tanga yanajulikana. Kati ya tarehe 2 na 5 Novemba 1914 kikosi kilicholetwa kutoka India, chenye watu wapatao 8,000, kilishindwa na watu wapatao 1,000, nyuki wa mashambani nao wakiwashambulia wote bila kubagua bendera. Mwezi Julai 1915 manowari Königsberg ilizamishwa katika delta ya Rufiji, na mizinga yake kumi ikaopolewa na kukokotwa nchi nzima kwa mikono ya watu. Machi 1916 Jenerali Jan Smuts aliingia kwa nguvu kubwa kutoka upande wa Kenya. Kuanzia hapo Lettow-Vorbeck alirudi nyuma hatua kwa hatua kuelekea kusini, akipigana na kuondoka. Mahiwa, Oktoba 1917, yalikuwa mapigano makali kuliko yote. Upande wa Waingereza, ambao wengi wao walikuwa askari wa Nigeria, walipata hasara ya watu zaidi ya 2,000. Tarehe 25 Novemba 1917 alivuka Ruvuma kuingia Msumbiji akiwa na Wajerumani wasiofika 300, askari wapatao 1,700 na wapagazi wapatao 3,000. Mwaka mmoja kamili baadaye, tarehe 25 Novemba 1918, alisalimu amri Abercorn, mji uitwao sasa Mbala nchini Zambia. Habari kwamba vita ya Ulaya ilikuwa imekwisha tarehe 11 ilikuwa imemfikia akiwa karibu na mto Chambeshi.

Kwa hiyo inasemwa hakushindwa. Ni kweli kwamba hakukamatwa.

Magharibi: njia ya Buha

Sasa turudi nyuma hadi 1914, tuje magharibi. Reli ya kati ilifika Kigoma mwezi Februari 1914, miezi sita tu kabla ya vita. Meli Graf von Goetzen, iliyoundwa Papenburg na kuletwa vipandevipande, iliunganishwa Kigoma na kushushwa majini Februari 1915. Kwa muda Wajerumani walilitawala ziwa. Kisha Waingereza walizileta mashua mbili za vita, Mimi na Toutou, zikiburutwa porini kupitia Kongo. Mwishoni mwa Desemba 1915 waliiteka meli ndogo Kingani, na Februari 1916 wakaizamisha Hedwig von Wissmann. Ndege za Wabelgiji zilidondosha mabomu Kigoma katikati ya mwaka huo. Tarehe 26 Julai 1916 Wajerumani waliizamisha Goetzen wao wenyewe, wakiwa wameipaka grisi mitambo yake kwa kutarajia kurudi. Hawakurudi. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na kuanzia 1927 ikafanya kazi kwa jina la Liemba.

Hadithi hii ya meli imesimuliwa mara nyingi, na ni tamu. Kilichotokea juu, katika vilima, hakina meli, na pengine ndiyo sababu husimuliwa mara chache. Kikosi cha kusini cha jeshi la Kongo ya Kibelgiji, chini ya Kanali Frederik Olsen, kilishuka kutoka Burundi mwezi Juni na Julai 1916, kikaikata nchi ya Buha na kuingia Kigoma. Kutoka hapo Wabelgiji walielekea Tabora, wakaitwaa tarehe 19 Septemba. Kamanda wao mkuu, Charles Tombeur, baadaye alipewa ubaroni na jina la Tabora likaunganishwa na lake. Tumezoea kuona watu wetu wakipewa majina ya Ulaya. Hapa ni jenerali wa Ulaya aliyejivika jina la mji wetu.

Upande wa Wajerumani huku magharibi uliongozwa na mtu ambaye kisa chake kinastahili kutajwa. Kurt Wahle alikuwa jenerali mstaafu wa Saxony aliyekuja mwaka 1914 kumtembelea mwanawe. Vita ikamkuta hapa. Akajitolea kutumikia, na hivyo mzee mwenye cheo cha jenerali akawa chini ya luteni kanali aliyemzidi umri kwa miaka kumi na sita. Wahle aliongoza majeshi ya magharibi kutoka Tabora, akaiacha Tabora mbele ya Wabelgiji na kupigana njia yote hadi Iringa na kuungana na wenzake wa kusini. Mwaka 1918, akiwa mgonjwa, aliachwa njiani na kuangukia mikononi mwa Waingereza. Baadaye aliandika kitabu cha kumbukumbu zake ambacho leo kinasomwa na wachache mno. Majenerali walikuwa wawili katika vita hii ya Wajerumani, na wote wawili waliandika. Aliyeupata umaarufu ni mmoja. Tofauti haikuwa katika ushujaa wala katika mateso ya njiani. Tofauti, kwa maoni yangu, ilikuwa katika kile ambacho Ujerumani ya baada ya vita ilihitaji kusikia.

Kwa watu wa Heru, Muhambwe na Buyungu, tawala za jadi za Buha, jeshi lililopita lilitaka mambo matatu: chakula, ng'ombe na mabega. Jeshi la Kongo lilihitaji wapagazi wengi kiasi kwamba jumla yao katika vita nzima imekadiriwa kufikia 260,000, wengi wao wakichukuliwa kwa muda mfupi katika kila nchi iliyopitiwa. Jeshi hilo liliacha magharibi ya Tanganyika sifa mbaya ya uporaji na ya kuwachukua wanawake. Wabelgiji waliendelea kuitawala Buha hadi Machi 1921, walipoikabidhi kwa Waingereza baada ya makubaliano ya mipaka. Kwa hiyo mtu aliyezaliwa Kasulu mwaka 1890 na kuishi hadi miaka ya ishirini alipitia tawala tatu za Kizungu bila ya kuhama nyumba yake. Na kila utawala ulipofika ulianza kwa kuhesabu wanaume waliokuwa na uwezo wa kubeba.

Maneno matatu

Jeshi la Lettow-Vorbeck lilikuwa jeshi la Waswahili kwa maana ya lugha. Amri za gwaride zilitolewa kwa Kijerumani. Takriban mambo mengine yote ya kambi yaliendeshwa kwa Kiswahili. Askari walitoka kwa Wanyamwezi, Wasukuma, Wamanyema na makabila mengine mengi, mbali na Wasudani waliokuwa shina la jeshi hilo tangu miaka ya tisini ya karne ya kumi na tisa. Kilichowaunganisha ni lugha hii. Wake na watoto walifuatana nao, na kombania iliyosafiri ilikuwa kijiji kinachotembea. Mwanahistoria Michelle Moyd, katika kitabu chake cha mwaka 2014 juu ya askari hao, ameonyesha vizuri kwamba wengi waliingia jeshini wakitafuta heshima na unyumba wenye mali, wawe watu wakubwa miongoni mwa watu wao. Utiifu wao ulikuwa na masharti. Waliona faida, wakakaa. Faida ilipotoweka, wengi waliondoka. Hata kwa hesabu za Wajerumani wenyewe, waliotoroka katika vita ile walizidi 2,000.

Neno askari tulilipata kutoka Kiarabu, na katika Kiswahili limeendelea kupanuka: tuna askari polisi, askari kanzu, askari wa usalama barabarani, askari wa wanyamapori. Kwa mtu wa jeshini hasa tumezoea kusema mwanajeshi. Kijerumani kilifanya kinyume. Kililichukua neno likiwa pana, kikalifinya hadi likabaki na maana moja: Mwafrika aliyempigania Kaisari. Na baada ya 1918 maana hiyo ikaongezewa sifa isiyoachana nayo, ya kuwa mtiifu.

Neno safari nalo lina historia ndefu ya kuazimwa na lugha za Ulaya, nisingependa kuirudia yote. Litoshe hili: mwaka 1920 Lettow-Vorbeck alitoa vitabu viwili, kumbukumbu zake za vita na kingine kwa ajili ya vijana kiitwacho Heia Safari!, jina linalofanana na la wimbo wa Kijerumani wa maandamano. Kwa maelfu ya watoto wa Kijerumani waliokisoma, Kiswahili kilianzia na neno hilo, nalo lilimaanisha matembezi ya hiari ya wanaume wenye furaha.

Mpagazi ni neno la kwetu. Linatokana na kitenzi pagaa, yaani kubeba begani. Wanafunzi wa leo wanalifahamu zaidi umbo lake la kutendwa, pagawa, linalotumika kwa mtu aliyepandwa na pepo. Fikra ni ileile, ya kitu kinachokalia mabega yako na kukuendesha. Katika karne ya kumi na tisa wapagazi wa misafara kati ya Ujiji na Bagamoyo, hasa Wanyamwezi, walikuwa watu wa kazi yenye ujira, walioweza kugoma na kudai posho. Vita iliigeuza kazi hiyo kuwa utumwa wa muda. Katika jeshi la Lettow-Vorbeck wapagazi kwa kawaida waliwazidi askari kwa idadi. Walibeba risasi, mahindi, mitambo, vitanda vya maafisa na wagonjwa. Kwininini iliyotengenezwa Amani kwa magome ya mti wa sinkona ilikwenda kwanza kwa Wazungu. Upande wa Waingereza vifo vya wapagazi vilivyokubaliwa rasmi vilizidi 95,000, wengi kwa kuhara, malaria na njaa. Upande wa Wajerumani hesabu haikuwekwa.

Kutowekwa kwa hesabu hiyo ni jambo linalostahili kutusimamisha kidogo. Jeshi lilelile lilijua idadi ya askari wake hata siku ya kusalimu amri: walikuwa 1,168, pamoja na Wajerumani 155. Kwa wapagazi na watu wengine waliofuatana nao tunapewa makadirio, elfu tatu na kitu. Ludwig Deppe, daktari aliyetumikia katika jeshi hilo, alikiri katika kitabu chake cha mwaka 1919 kwamba nyuma yao waliacha maghala matupu, mashamba yaliyoharibiwa na njaa iliyokuwa ikija. Ilikuja kweli. Ugogo waliiita Mtunya, kati ya 1917 na 1920, na yako makadirio kwamba iliua mtu mmoja katika kila watano. Deppe hakuwa adui wa kamanda wake. Jina la Lettow-Vorbeck limo katika jina la kitabu chenyewe. Ndiyo maana ushahidi wake una uzito.

Shujaa anatengenezwa

Tarehe 2 Machi 1919 Lettow-Vorbeck aliwaongoza maafisa wake kupita katika Lango la Brandenburg mjini Berlin, akiwa juu ya farasi, nguo zikiwa zile za Afrika. Umati ulimshangilia. Ujerumani ilikuwa imeshindwa, Kaisari amekimbia, watu wana njaa, na hapa alikuwapo kamanda aliyesemwa kuwa hajashindwa. Miezi michache baadaye, kifungu cha 119 cha Mkataba wa Versailles kiliinyang'anya Ujerumani makoloni yote, na hoja mojawapo ya washindi ilikuwa kwamba Wajerumani hawakufaa kuwatawala Waafrika. Jibu la watetezi wa makoloni lilikuwa neno moja: askari. Kama tulikuwa wabaya, walisema, kwa nini askari walitufuata hadi Abercorn? Wapagazi hawakuweza kuingizwa katika hoja hiyo. Mtu aliyefungwa kamba ili asitoroke na mzigo hawezi kuitwa shahidi wa mapenzi.

Na shujaa huyo alitumika mara moja. Julai 1919 aliongoza majeshi kuingia Hamburg kuzima machafuko yaliyoanzia kwenye kashfa ya nyama iliyooza. Machi 1920, akiwa kamanda wa brigedi huko Schwerin, aliunga mkono jaribio la Wolfgang Kapp la kuipindua serikali halali ya jamhuri. Jaribio lilishindwa ndani ya siku chache, naye akaondolewa jeshini, pensheni yake akibaki nayo. Ni kituko cha historia kwamba mtu aliyesifiwa kwa utiifu wa askari wake yeye mwenyewe aliiasi serikali aliyoiapia.

Akawa mfanyabiashara Bremen. Mwaka 1928 aliingia Bungeni kwa chama cha wazalendo wa kihafidhina, DNVP, akakaa hadi 1930. Mwaka 1929 alikwenda London, akala chakula cha jioni na Smuts na maadui wake wengine wa zamani. Kati ya makamanda vita ilikuwa imekwisha kwa adabu. Kuhusu msimamo wake mbele ya Wanazi husimuliwa visa vingi vya kumkataa Hitler kwa maneno makali, na mashabiki wake hupenda kuvirudia. Yanayoonekana wazi ni mengine: utawala ule uliyaita makambi ya jeshi kwa jina lake, na Agosti 1939 ukamvika cheo cha heshima cha jenerali wa jeshi la miguu, naye hakukirudisha. Wanawe wawili waliuawa katika vita iliyofuata. Baada ya 1945 aliishi kwa dhiki kwa muda, na inasemekana Smuts alikuwa mmoja wa waliomsaidia kwa chakula.

Mwaka 1953, akiwa na miaka themanini na mitatu, alirudi Tanganyika kutembea, na wazee waliokuwa askari wake wakampokea Dar es Salaam. Picha ya mapokezi hayo imetumiwa sana kama muhuri wa mwisho wa hadithi yake. Mimi siikatai picha hiyo. Wazee wale walikutana na ujana wao, na hakuna mwenye haki ya kuwasimanga. Ninachouliza ni nani aliyealikwa gatini.

Lettow-Vorbeck alifariki Hamburg tarehe 9 Machi 1964, wiki chache kabla ya Tanganyika kuungana na Zanzibar. Waziri wa Ulinzi wa Ujerumani Magharibi, Kai-Uwe von Hassel, aliyezaliwa katika koloni hilohilo mwaka 1913, alitoa hotuba ya maziko, na wazee wawili waliokuwa askari walipelekwa Ujerumani kuhudhuria. Mwaka huohuo Bunge la nchi hiyo liliamua kuwalipa malimbikizo ya mshahara askari waliokuwa hai. Inasimuliwa kwamba wazee wapatao 350 walikusanyika Mwanza, wachache tu wakiwa na vyeti vyao vya 1918. Afisa wa benki akatumia akili: kila mzee alipewa ufagio na kuamriwa kwa Kijerumani kufanya mazoezi ya bunduki. Hakuna aliyekosea.

Kisa hiki huchekesha, na kila anayekisimulia hukimalizia kwa kusifu kumbukumbu ya askari. Lakini tukisikilize tena kama watu wa lugha. Mwili wa mzee ulikuwa umehifadhi amri za Kijerumani kwa nusu karne, na kwa hizo alilipwa. Mpagazi angepimwa kwa nini? Hakuna aliyemfundisha amri yoyote ya kukumbuka. Kovu la begani si cheti, na malipo yale yalikuwa ya askari.

Majina yaliyobaki

Mpagazi hakutoweka kabisa katika Kiswahili. Amejificha katika Kariakoo, jina la kitongoji cha Dar es Salaam lililotokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza kilichopiga kambi hapo baada ya 1916. Nairobi nayo ina Kariokor yake. Maelfu hununua vitunguu hapo kila siku bila kujua kwamba wanalitaja jeshi. Dar es Salaam ipo pia Sanamu ya Askari, iliyosimamishwa mwaka 1927 mahali ilipokuwa sanamu ya Hermann von Wissmann. Maandishi yake, kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, yanawataja wapagazi kuwa mikono na miguu ya jeshi. Hata hivyo watu huiita kwa jina la mmoja tu kati ya waliotajwa. Huko Hamburg nako, kambi iliyoitwa Lettow-Vorbeck ilifungwa mwaka 1999, na michongo miwili ya udongo ya mwaka 1939 ikahamishiwa mwaka 2003 katika bustani iliyopewa jina la Tanzania, hatua iliyozua ubishi mkubwa. Mchongo mmoja unaonyesha afisa wa Kijerumani na askari. Wa pili unaonyesha askari na wapagazi. Mchongaji, Walter von Ruckteschell, alipigana chini ya Lettow-Vorbeck na kuchora picha za Heia Safari!. Alikuwa amewaona wapagazi kwa macho yake, na mikono yake haikuweza kuwaacha. Ni kichwa cha habari kilichowaacha.

Katika Kiswahili cha leo neno mpagazi linasikika zaidi kwenye Mlima Kilimanjaro, kwa vijana wanaobeba mizigo ya watalii. Buha, kwa upande wake, ililetewa neno jingine baada ya vita, manamba, la wanaume walioandikishwa kwa namba kwenda kukata mkonge Tanga na kwingineko. Nashuku kwamba njia ya manamba ilifuata, kwa sehemu, njia iliyokwisha kuzoezwa na wapagazi: wanaume wale walikuwa wamekwisha kufundishwa na vita kwamba serikali ikija huja kuhesabu mabega. Jambo hili halijafanyiwa utafiti wa kutosha, na hapa ndipo ninapowageukia wanafunzi.

Watakaokwenda Kasulu, Kitanga na Kibondo wasianze kwa kuuliza habari za askari. Habari za askari zimehifadhiwa kwa Kiswahili, lugha ya kambi, na zimekusanywa na wengi. Ya mpagazi aliyechukuliwa siku kumi au miezi mitatu, akarudi kwao au asirudi, inaelekea yalibaki katika lugha ya nyumbani: katika majina waliyopewa watoto waliozaliwa wakati jeshi likipita, katika majina ya vivuko na vya mapito ya milimani, katika maneno ya aina za kamba na mizigo ambayo kijana wa leo hayajui. Maswali hayo yaulizwe kwa Kiha, na majibu yaandikwe kwanza kwa Kiha kabla ya kufasiriwa.